Wiki Nane za Mkono wa Kulia: Mwongozo wa Kupona Nyumbani Baada ya Kuondolewa Titi

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule binafsi hapa Dar es Salaam. Naandika ubaoni kwa mkono wa kulia, nasonga ugali kwa mkono wa kulia, na titi nililoondolewa ni la kulia, pamoja na tezi za kwapani. Siku ya kuruhusiwa kutoka wodini nilipewa dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na chupa yenye mrija inayoning'inia ubavuni. Mengine yote niliyajua kwa kuuliza, kwa kukosea, na kwa kusumbua watu kwa simu. Nimeyapanga hapa kwa mfuatano yalivyonijia, ili wewe unayetoka kesho, au unayemuuguza mama au mke, usianzie nilikoanzia mimi.

Nazungumzia upasuaji wa kuondoa titi zima na tezi za kwapani. Aliyetolewa uvimbe peke yake kwa kawaida hupona upesi zaidi. Wanaume nao hupata saratani ya titi, ingawa ni wachache, na mrija wao ni huu huu. Daktari wako akikwambia tofauti na nilivyoandika, mfuate yeye, maana ndiye aliyekiona kidonda chako.

Kabla hujavaa viatu vya kuondokea

Mtu akakununulie daftari. Kaunta buku ya bei nafuu inatosha. Igawe sehemu tano: mrija, dawa, mkono, maswali, watu. Usidhani utakumbuka kichwani. Dawa za maumivu na usingizi wa kukatikakatika hufanya siku zishikane. Siku ya sita nilibishana na dada yangu nikiapa kwamba ni ya nne.

Kwenye sehemu ya maswali andika haya, na usitoke mpaka yamejibiwa. Nyuzi zitatolewa, au ni zile zinazoyeyuka zenyewe? Mrija utatolewa ukifikia kutoa kiasi gani kwa siku? Bendeji ikilowa nifanye nini? Dawa za maumivu zikiisha ninunue ipi? Majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yatatoka lini, na nayafuata dirisha gani? Usiku nikizidiwa nimpigie nani? Hilo la mwisho nililisahau, nikalikumbuka saa nane usiku.

Omba na karatasi ya ED, yaani cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi, ukiwa hapo hapo. Kwa sisi wa sekta binafsi Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa. Piga picha kila karatasi kabla hujaikabidhi kwa mtu.

Nguo ya kuondokea iwe ya kufunguka mbele, au dera pana. Blauzi ya kupitisha kichwani isahau kwa wiki kadhaa. Unapovaa, mkono wenye kidonda uingie kwanza. Unapovua, utoke mwisho. Garini weka mto mdogo kati ya kifua na mkanda, na mwambie dereva matuta ayapande kama amebeba mayai. Bodaboda hapana.

Mrija na chupa yake

Wauguzi wanaiita dreni. Kazi yake ni kutoa damu na majimaji yanayojikusanya pale titi lilipokuwa, ili ngozi ishikane na misuli ya kifua. Wengi hukaa nayo wiki moja hadi mbili, wengine hufika ya tatu.

Kuna chupa za aina mbili unazoweza kupewa. Ngumu yenye mvuto wa hewa kwa kawaida haimwagwi nyumbani, inabadilishwa na muuguzi. Wewe unasoma mistari na kuandika. Ile laini inayobonyea unaimwaga mwenyewe, asubuhi na jioni, hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, wewe na anayekusaidia.
2. Bana mrija, fungua kizibo, mimina kwenye kikombe chenye mistari ya mililita. Mdomo wa chupa usiguse kitu chochote.
3. Ibonyeze chupa mpaka hewa itoke, uifunge ikiwa bado imebonyea. Ukisahau hapa haitavuta kitu.
4. Achia mrija. Andika tarehe, saa, kiasi na rangi. Mwaga chooni, osha kikombe.

Kama umefundishwa kukamua mrija ili mabonge yasizibe, shika karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja, usivutike, halafu teremsha vidole vya mkono wa pili kuelekea chupani.

Siku ya kwanza nyumbani daftari langu linasema mililita 140, nyekundu. Siku ya tano 80, rangi ya juisi ya tikiti. Siku ya kumi 35, njano kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kushuka. Hospitali nyingi huutoa mrija ukitoa chini ya mililita 30 kwa saa 24, na nyingine hutaka iwe hivyo siku mbili mfululizo. Wangu ulitoka siku ya 13. Muuguzi aliniambia nivute pumzi, na kabla sijaitoa ulikuwa umeshatoka. Uliniwasha kidogo, basi.

Kuibeba ndiyo kero yenyewe. Usiiache ining'inie, itavuta mshono. Mimi nilishonewa kifuko cha kanga chenye kamba ya kuvaa shingoni, chupa ikakaa tumboni chini ya dera. Usiku nilikilaza pembeni, upande huo huo wa kidonda.

Usingojee tarehe ya kliniki kama chupa inajaa damu nyekundu ghafla, kama majimaji yamekuwa mazito yenye harufu, kama mrija umechomoka, au kama umeacha kutoa kwa ghafla huku kifua kikivimba.

Dawa, kulala, kula

Maumivu ukiyasubiri yakolee ndipo umeze, yatakushinda. Siku za mwanzo meza kwa saa ulizoandikiwa hata kama unajisikia afadhali. Panadoli za miligramu 500 zisizidi nane kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina panadoli ndani yake, kwa hiyo hesabu zote. Diklofenaki na ndugu zake zimezwe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha amwambie daktari kwanza. Ukipewa tramadoli au mofini jiandae kukosa choo: papai, mboga za majani, maji mengi, na kutembea hadi getini na kurudi. Nilidharau jambo hili. Siku ya tano nilikuwa sisikii kidonda, nasikia tumbo.

Kuna maumivu ambayo hakuna aliyenitayarisha nayo. Shoti, kama ya umeme, inayopita kifuani na kutoweka. Mwasho kwenye chuchu ambayo haipo. Na ganzi upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu hupita kwapani na mara nyingi hukatwa au huguswa. Shoti na mwasho hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Ganzi inaweza kubaki, na ina hatari yake: hutasikia wembe ukikukata kwapani wala sufuria ikikuunguza. Nyoa kwa mashine, mbele ya kioo.

Lala chali, mto mmoja chini ya mkono wa upande wa kidonda, wote kuanzia bega. Kulalia upande usiopasuliwa inawezekana baada ya siku kadhaa, huku umekumbatia mto. Chandarua mwachie mwingine akuchomekee.

Kidonda kinahitaji protini: mayai, dagaa, samaki, maharage, maziwa, kuku. Nililetewa supu ya kuku wa kienyeji na kila shangazi, nikafika mahali nikawa naota majogoo. Usikatae, gawia watoto. Kisichotakiwa ni kupaka kitu juu ya mshono: si asali, si majivu, si mafuta ya mtu aliyeponyesha ndugu yake Tanga. Na majani ya mstafeli, ambayo utaletewa tu, hayajathibitishwa kuponya saratani kwa binadamu. Ukiyanywa kwa wingi yakiwa na kemo (dawa kali za kuua saratani) juu yake, daktari hatajua kipi kimekuharibia ini. Pokea, sema ahsante, weka kabatini.

Kuoga ni kuanzia kiunoni kushuka, na juu kupangusa kwa kitambaa, mpaka mrija utoke na daktari aruhusu maji. Kwa wanaoswali, udhu haufiki kifuani, kwa hiyo bendeji haikuzuii. Niliswali nimekaa kitini wiki tatu.

Mkono: kazi ya kila siku

Hapa ndipo ningependa usome polepole, maana ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa kuogopa au kwa kujifanya tumepona.

Mwanzo unaogopa. Mkono unaubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa, unaupumzisha, na baada ya mwezi bega limekaza. Wakati huo huo, ukiwa na tezi zilizokutwa na saratani, au uvimbe ulikuwa mkubwa, huenda ukahitaji mionzi. Kwenye mashine ya mionzi, iwe Ocean Road hapa Dar es Salaam au Bugando kule Mwanza, utalazwa chali na mkono umeinuliwa juu ya kichwa, na utatakiwa utulie hivyo hivyo bila kutikisika. Mkono usioinuka utachelewesha tiba. Hili niliambiwa na mgonjwa mwenzangu kwenye benchi, na ndilo lililonifanya nianze mazoezi kweli.

Kuanzia siku ya kwanza hadi mrija utoke: funga na fungua ngumi, kunja na kunjua kiwiko, zungusha mabega, vuta pumzi ndefu. Kula, piga mswaki na chana nywele kwa mkono huo huo. Usiuinue kupita usawa wa bega.

Mrija ukishatoka, na daktari akiruhusu, ongeza. Lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, uinue taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, mkono mzima ukiusaidia mgonjwa. Kisha weka mikono kisogoni na ufungue viwiko. Kisha ukuta: simama ukiutazama, pandisha vidole kama buibui mpaka ngozi ivutike, hesabu hadi tano, shuka. Mara tano hadi kumi, mara tatu kwa siku. Kuvutika ndiko kunakotakiwa. Maumivu makali ni ishara ya kusimama.

Mimi nilitumia chaki. Niliweka alama kwenye fremu ya mlango mahali mkono wa kushoto unapofika, hiyo ikawa dari yangu. Siku ya 15 mkono wa kulia uliishia usawa wa pua. Wiki ya nne ulivuka utosi. Wiki ya saba ulibakiza vidole viwili kuifikia alama ya kushoto. Na kila takbira ilikuwa kipimo kingine: siku za mwanzo kiganja kinafika begani, siku moja nikakuta kimefika sikioni bila kukisukuma.

Wiki ya tatu ilijitokeza kamba chini ya ngozi, kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, imekaza kama uzi wa gitaa. Nilidhani ni mshipa umeharibika, au ugonjwa umerudi. Si hivyo. Hutokea kwa wengi waliotolewa tezi, na kwa kawaida hulegea ndani ya wiki au miezi kwa kuendelea kunyoosha taratibu. Ikikuzuia kuinua mkono, omba upelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Sasa upande wa kujifanya umepona. Siku ya 17, mrija umetoka siku nne tu, maji yalikatika, nikaona ndoo ya lita 20 iko nje na hakuna mtu. Lita 20 ni kilo 20. Niliibeba hatua sita. Jioni chini ya kovu palikuwa na uvimbe unaochezacheza kama mfuko wa maji. Majimaji yalikuwa yamejikusanya. Kliniki waliyavuta kwa sindano, mililita 120, na kwa ile ganzi sikusikia hata ikichoma. Majimaji haya humpata hata asiyebeba kitu, kwa hiyo likikutokea usijilaumu. Mimi nilijilaumu kwa sababu nilistahili.

Kipimo changu cha uzito kikawa pakiti ya unga ya kilo mbili. Kinachozidi hapo sikibebi kwa mkono huo mpaka wiki ya sita. Kwa kazi za nyumbani ilikwenda hivi. Wiki ya pili: kukatakata mboga, kukunja nguo, kuosha vikombe. Wiki ya nne: kufagia chumba kimoja, kupika wali mdogo. Kukuna nazi kwa mbuzi usiguse mpaka wiki ya sita au zaidi, kwa sababu kifua kizima kinasukuma, nunua iliyokunwa. Kupiga deki na kukamua mashuka, hivyo hivyo. Ugali ndio wa mwisho kabisa. Jaribu siku moja, ukiwa mzima, uone misuli gani inayofanya kazi unaposonga ugali wa watu sita: ni ile ile iliyochubuliwa titi. Mume wangu alijifunza kusonga. Ugali wake una mabuja, lakini unalika. Kumbeba mtoto mwenye miaka miwili pia kumo kwenye orodha hii. Kaa chini, apande yeye.

Kwenye daladala kaa dirishani, mkono wenye kidonda uelekee dirishani, asije mtu akakuegemea au kondakta akakupita kwa kiwiko. Kusimama na kushika bomba la juu ni mambo ya miezi ijayo.

Wageni na taarifa

Hakuna aliyeniambia kwamba kupona ni pamoja na kuwaeleza watu mia moja jambo moja mara mia moja. Simu ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, ya mwisho saa tano usiku, na kila mmoja anataka kuanzia mwanzo.

Teua msemaji mmoja. Wangu alikuwa wifi yangu, mtu asiyepanda hasira. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mimi nilijitoa. Kila jioni nilimsomea kutoka kwenye daftari, naye akaandika ujumbe mfupi wenye mambo manne tu: siku ya ngapi, hali, kinachofuata, na kinachohitajika. Mfano wa kweli: "Leo siku ya 9. Mgonjwa amelala vizuri, anakula, mrija umepungua. Alhamisi anarudi kliniki. Anayeweza kumpeleka kwa gari aniambie mimi. Leo asipigiwe simu, anapumzika." Ujumbe ukiwa na tarehe ya kliniki na ombi dhahiri, watu hujipanga. Ukiandika "tuombeeni" peke yake, wote watapiga kuuliza kulikoni.

Kama kuna mchango, mshika fedha awe mwingine, si msemaji, na kila shilingi iliyotumwa kwa simu iandikwe sehemu ya watu, pamoja na aliyeleta mchele na aliyefua. Utataka kuwashukuru, na siku moja utataka kurudisha.

Majibu ya kinyama usiyatume popote siku unayoyapata. Yaelewe kwanza wewe na wa nyumbani kwako. Nilikuwa na siku mbili za kujua peke yetu na mume wangu, na zilinifaa kuliko dua zote za simu.

Wageni wapewe saa. Kwetu ilikuwa kuanzia saa kumi hadi kumi na mbili jioni, imeandikwa kwenye ujumbe. Mwenye mafua asije. Mlangoni akae mtu wa kusema "amelala" bila kuona haya, na shangazi aliyetoka mkoani ndiye pekee anayevunja sheria hiyo. Atakuja na atakayesema saratani yako ni ya kutupiwa, na wa pili atakayekusimulia jirani yake aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Nilijifunza jibu moja: "Ahsante, mama, naomba uniombee, sasa naomba nijinyooshe kidogo." Halafu unajinyoosha kweli.

Watoto waambie mapema kwa maneno yao. Wangu wa miaka saba aliuliza mambo mawili: kama inaambukiza, na titi limewekwa wapi. La kwanza nilimjibu haiambukizi. La pili nilimwambia limepelekwa maabara wakalichunguze. Akaenda kucheza.

Kovu, kioo, sidiria

Nilijitazama siku ya 11, muuguzi akibadilisha bendeji. Wengine hutazama siku ya kwanza, wengine baada ya mwezi. Mume akitaka kuwepo na wewe unataka, awepo. Kama hutaki, sema. Sina ushauri mwingine hapa.

Titi la bandia la silikoni hungojea kidonda kipone, kwa kawaida wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo tumia la kitambaa: pamba laini ndani ya kifuko kilichoshonwa, ndani ya sidiria isiyo na waya. Pamba ni nyepesi, sidiria itapanda. Fundi wangu aliweka kifuko kidogo cha mtama chini ya pamba, ikatulia. Aliye na titi zito la upande wa pili asipuuze uzito, mgongo na shingo huanza kulalamika. Na asiyetaka kuvaa chochote avae dera lake aende.

Kuusoma ule ukurasa wa maabara

Hufika baada ya wiki mbili tatu au zaidi, na umeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mwombe daktari akuoneshe mambo manne: ukubwa wa uvimbe, kama kingo za nyama iliyotolewa hazina saratani, tezi ngapi zimekutwa nayo kati ya zilizotolewa, mfano 3/14 maana yake tatu kati ya kumi na nne, na vipokezi vilivyo kwenye seli za saratani, yaani ER na PR, ambavyo ni vya homoni, na HER2. ER au PR ikiwa chanya, kuna dawa ya homoni kama tamoksifeni, ambayo humezwa miaka mitano, wengine hadi kumi. HER2 chanya ina dawa yake. Zote tatu hasi, tegemeo kubwa ni kemo. Kama kipimo cha vipokezi hakijafanywa, uliza kitafanyika wapi, maana matibabu yote yanayofuata yanakitegemea. Aliyekuwa hajapata kemo kabla ya upasuaji mara nyingi huanza kati ya wiki ya nne na ya sita, kidonda kikishafunga. Dripu ichomwe mkono mwingine.

Mkono wa miaka yote

Tezi zikitolewa, maji ya mwili yana njia chache za kurudi, na mkono unaweza kuvimba baada ya mwezi au baada ya miaka mitano. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko sentimita 10 juu ya kiwiko na sentimita 10 chini yake, mikono yote miwili, uandike. Ingekuwa vizuri kupima kabla ya upasuaji, kwa sababu mkono unaotumika zaidi huwa mnene kidogo tangu zamani. Rudia kila mwezi. Tofauti ikiongezeka kufikia sentimita mbili, au pete na bangili zimeanza kubana, nenda mapema. Mkanda wa kubana na kukandwa na mtaalamu husaidia zaidi mwanzoni.

Ilinde ngozi. Glavu jikoni na shambani, mafuta ya kupaka, dawa ya mbu, kucha zisikatwe hadi nyamani. Chale kwenye mkono huo, hata aseme nani, hapana. Hina haina neno, lakini piko jeusi huunguza ngozi, lipeleke mkono mwingine. Kuhusu kupimwa presha na kuchomwa sindano, wataalamu wa siku hizi wamelegeza ule mkatazo wa kutumia mkono huo. Mimi nina mkono wa pili mzima, nautoa huo. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, nenda siku hiyo hiyo, unahitaji antibiotiki. Hali kadhalika mshono ukifunguka au kutoa usaha, joto likifika nyuzi 38, ukishindwa kupumua, au mguu mmoja ukivimba na kuuma.

Kurudi kazini

Nilirudi wiki ya tisa, kabla ya mzunguko wa pili wa kemo, kwa vipindi viwili kwa siku. Mwalimu mkuu nilimwomba mambo matatu kwa barua: darasa la chini nisipande ngazi na rundo la madaftari, ruhusa ya siku za kliniki, na mwanafunzi wa kufuta ubao. Omba vitu vinavyohesabika, kama hivyo, "nisaidieni" haijibiki. Ubaoni niliandikia nusu ya chini kwa mwezi mzima. Watoto wa mbele walifurahi, wa nyuma walisimama.

Kliniki za ufuatiliaji huwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi kumi na mbili, baada ya mwaka wa tano mara moja kwa mwaka, na picha ya mamografia ya titi lililobaki kila mwaka. Mara moja kwa mwezi pitisha vidole juu ya kovu, kwapani na juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, na kwenye titi la pili. Kitu kigeni kikidumu wiki mbili, kiandike kwenye sehemu ya maswali na ukipeleke. Kaunta buku yangu ya kwanza imejaa, ya pili nimeinunua yenye jalada gumu.